Kuongoza, Kukaa Kundini au Kufukuza: Namna Tatu za Kuruka Mashindano Hewa Inapobadilika

Saa saba na robo mchana. Uko mita 1,800 juu ya ardhi, unazunguka kwa glaida ya kuning'inia pamoja na wenzako 30 pembeni mwa duara la kuanzia, na lango la kwanza, yaani saa ya kwanza inayoruhusiwa kuanza mbio, linafunguka baada ya dakika 5. Upande wa kaskazini mawingu ya pamba yamejipanga vizuri, vitako vyake vyeusi na bapa. Magharibi, njia inakopita baada ya kituo cha pili cha kugeukia, utando mweupe wa mawingu ya juu umeanza kulifunika jua, na ardhi iliyo chini yake imepauka. Vario, chombo kinachopima kasi ya kupanda na kushuka, inalia mita 2.5 kwa sekunde. Dakika 20 zilizopita, mahali hapa hapa hapakuwa na kitu.

Unatoka na lango la kwanza? Unangoja kundi kubwa liamue? Au unawaacha waende, wewe utoke na lango la mwisho uwafukuze?

Nimeruka siku za namna hii kwa njia zote tatu. Kila moja imewahi kunifikisha mwisho, na kila moja imewahi kunitua njiani. Ulinganisho huu ni wa rubani wa glaida ya kuning'inia, yule anayelala kifudifudi chini ya tanga na kuliongoza kwa kuhamisha uzito wa mwili, ambaye tayari anajua kuruka masafa lakini kila mara hukwama kwenye uamuzi huu. Chini ya kila njia kuna swali moja: nani atanitafutia themali, yaani mkondo wa hewa inayopanda, inayofuata, na nitamlipa nini?

Tutapima kwa nini

Kipimo cha kwanza ni hewa yenyewe. Themali ni hewa iliyopashwa joto na ardhi, ikabanduka na kupanda, ikipoa takribani nyuzijoto 1 kwa kila mita 100, hadi unyevu wake unapogeuka wingu. Wingu moja la pamba huwa hai kama dakika 20, mara nyingine pungufu, halafu kingo zake zinaanza kunyofoka. Ukiliona likiwa zuri umbali wa kilomita 8, nawe unateleza kwa kilomita 60 kwa saa, utalifikia baada ya dakika 8. Umelikuta katika umri gani? Siku thabiti swali hilo halikuumizi kichwa, kwa kuwa kando yake kuna jingine. Siku ya kubadilika, huenda lilikuwa la mwisho.

Glaida za kisasa za kuning'inia huteleza takribani kilomita 15 kwa kila kilomita 1 ya kimo, hewa ikiwa tulivu. Kati ya themali moja na nyingine, ambako hewa hushuka, mimi nahesabu 10 hadi 12. Kila njia hapa chini tutaiuliza: inakusaidiaje kupata themali kabla kimo hicho hakijaisha?

Kipimo cha pili ni pointi, na hapa marubani wengi wazuri hujidanganya. Mashindano mengi hutumia hesabu iitwayo GAP, herufi za kwanza za Gerolf Heinrichs, Angelo Crapanzano na Paul Mollison walioitunga. Siku iliyokamilika ina thamani ya hadi pointi 1,000, zinazogawanywa kati ya umbali, muda, na, kutegemea kanuni za shindano, kuongoza au nafasi ya kufika. Mgawanyo huo haujawekwa asubuhi. Unategemea wangapi wamefika. Wakifika wachache sana, umbali unabeba karibu pointi 9 katika kila 10. Wakifika nusu ya walioruka, umbali unashuka chini ya nusu ya pointi zote, na muda ndio unaotenganisha watu. Kwa hiyo hali ya anga haiamui tu kama utafika. Inaamua pia unashindania nini. Siku ambayo wengi watatua njiani, kilomita 5 za ziada zina thamani kuliko dakika 5 ulizookoa mwanzoni.

Kipimo cha tatu ni mwili, akili na usalama: umechoka kiasi gani kufikia saa ya tatu hewani, na umejiweka katika hatari gani.

Jambo moja la kuuliza kwenye mkutano wa asubuhi kabla hujachagua chochote: kuna lango moja au mengi? Lango likiwa moja, saa ni moja kwa wote, na anayechelewa kuvuka anajikata mwenyewe. Yakiwa mengi, tuseme kila dakika 15 au 20, muda wako unaanza kwenye lango ulilochukua. Hapo ndipo kufukuza kunapata maana.

Njia ya kwanza: kuongoza

*Hewa.* Unatoka na lango la kwanza na kuvuta mbele, peke yako au na wawili watatu. Faida kubwa ni kwamba unachagua mwenyewe. Unayakuta mawingu yakiwa machanga, na utando ule wa magharibi ukiwa bado haujaifunika njia yote. Kama siku inaoza kuanzia mwisho wa njia, kila dakika unayotangulia ni dakika ya jua. Hasara yake unaijua: mbele yako hakuna glaida hata moja inayozunguka kukuonyesha njia. Kila themali unaipapasa mwenyewe.

Nieleze kupapasa huko kulivyo, maana ndiko kunakomtofautisha anayeongoza na anayekimbia tu. Unateleza kuelekea kitako cha wingu, tanga limekazwa kwa kamba, bomba la usukani limevutwa hadi tumboni. Kwanza glaida inazama sekunde chache, vario inanguruma. Wageni hukata tamaa hapo. Halafu bawa la kulia linanyanyuliwa, kama mtu amelisukuma kwa bega kutoka chini. Glaida inataka kukupeleka kushoto, mbali na themali, na mikono isiyo na uzoefu huikubalia. Unarusha kiuno kulia, unasukuma bomba mbele, unalegeza kamba ya tanga, na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ukigeuka mapema unazunguka ukingoni. Ukichelewa unatokea upande wa pili. Mzunguko wa kwanza ni wa kuuliza, si wa kupanda: upande gani vario ililia zaidi? Mzunguko wa pili unasogea huko. Rubani wa kundini anapewa jibu hilo bure na glaida nne zilizomtangulia. Wewe umelilipia mita 100, labda 150.

*Pointi.* Pale kanuni zinapolipa kuongoza, kuna zawadi hata usipofika wa kwanza. Lakini tazama hesabu ya upande wa pili. Ukikosa themali kali ukalazimika kupanda mita 1,000 kwa mita 1 kwa sekunde, umetumia karibu dakika 17. Walio nyuma wakipata ya mita 2.5, wametumia chini ya dakika 7. Dakika 10 zimeondoka katika themali moja, na katika dakika hizo wamekula kilomita 10 zako.

*Mwili, akili na usalama.* Kuna nafasi, hakuna bawa la mtu karibu na lako. Uchovu wake ni wa kichwa: kila uamuzi ni wako, na shaka haina wa kuishirikisha. Hatari iliyofichika ni ya kushuka mno ukiamini wingu lile litakulipa, kisha kuchagua kiwanja cha kutua ukiwa mita 150 badala ya 300.

*Inamfaa nani.* Anayesoma anga vizuri kuliko anavyobana mizunguko. Anayehitaji kurudisha pointi nyingi siku za mwisho. Na anayejua kupunguza mwendo bila kuona haya, sifa ambayo ni adimu kuliko mbili za kwanza.

Njia ya pili: kukaa kundini

*Hewa.* Glaida 15 zikiteleza kwa safu pana huikokota anga kama wavuvi na juya: kinachopita katikati yao hunaswa na mmoja. Siku ya samawati, isiyo na mawingu ya kuonyesha themali, hakuna chombo cha kukishinda hicho. Yeyote akinyanyuliwa, wengine wanamwona na kuhamia kwake. Na mnapopanda, aliyekuta kitovu cha themali anajulikana kwa macho, kwa kuwa anawapita wote.

Ila juya linafanya kazi likiwa limetandazwa. Makundi mengi hayatandazi. Yanajipanga mkia mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja akimngoja mwingine atangulie, na glaida 15 zinapapasa hewa ya glaida 1. Siku inayobadilika kosa hili ni ghali zaidi, maana kundi lina tabia nyingine mbaya: linang'ang'ania. Themali imeshakufa, vario za wote zinalia mita 0.3, na hakuna anayeondoka kwa kuwa anayeondoka kwanza ndiye atakayeshuka kwanza. Nimewahi kuzunguka hivyo dakika 12 nikitazama kivuli cha mawingu ya juu kikikaribia kituo tulichokuwa tunakwenda. Wote tuliona. Hakuna aliyeondoka. Tulipoteleza hatimaye, tuliingia kivulini pamoja na kutua katika eneo la kilomita 3.

Mfano mwema wa kushirikiana upo, na ni mkubwa. Tarehe 3 Julai 2012 Dustin Martin wa Marekani na Jonny Durand wa Australia waliondoka Zapata, Texas, na sehemu kubwa ya siku waliruka pamoja. Martin alitua baada ya kilomita 764, rekodi mpya ya dunia. Durand kilomita 761. Hayakuwa mashindano ya siku yenye vituo, na upepo wa mgongo ulisaidia sana. Hata hivyo mfano huo unaonyesha jambo ninaloliamini: wenza wawili au watatu wanaotandaza safu na kupokezana kutangulia wana thamani kuliko kundi la 20 wanaotazamana.

*Pointi.* Mnafika pamoja, mnapata karibu pointi sawa. Kwa anayeongoza jumla ya wiki, hiyo ni zawadi: wapinzani wako wako hapo hapo, unawaona, hawawezi kukuacha. Kwa aliye wa 18 hiyo ni njia ya kubaki wa 18.

*Mwili, akili na usalama.* Wengi hudhani kundini ni kupumzika. Kichwa hupumzika kwenye uamuzi wa njia, lakini shingo haipumziki kamwe. Wote mnazunguka upande ule aliouanza wa kwanza, unaingia kutoka nje ya duara bila kumlazimisha mtu kukwepa, na unamtafuta yule aliye chini yako anayepanda kwa kasi zaidi, kwani kwake tanga lake linamzuia kukuona. Karibu na kitako cha wingu, ambako wote hurundikana kimo kimoja, mimi huondoka mita 100 kabla. Mita hizo hazina thamani ya kugongana.

*Inamfaa nani.* Mwenye mikono mizuri ya kubana themali lakini bado hajaziamini hukumu zake za anga. Anayelinda nafasi. Anayeruka mashindano ya kwanza au ya pili, kwa sharti awe ameshazoea kuzunguka karibu na wengine, maana kujifunzia hilo hapo ni hatari kwake na kwao.

Njia ya tatu: kufukuza

*Hewa.* Unasubiri juu kabisa, unachukua lango la baadaye, na glaida zilizotangulia zinakuwa taa zako za barabarani. Kila moja ikigeuka, tanga linamulika jua mara moja na kuzima. Ukijizoeza kuutafuta mmuliko huo, unaweza kujua kilomita kadhaa mbele nani anapanda na nani anahangaika, na unaruka moja kwa moja kwenye iliyo bora. Themali dhaifu unazipita bila kuziuliza.

Lakini taa hizo zinakuambia habari za zamani. Umemwona mtu anapanda vizuri umbali wa kilomita 6. Ukifika baada ya dakika 6 yeye ameshaondoka na themali imekwenda naye. Siku thabiti habari ya dakika 6 haikudhuru. Hewa ikiwa inapumua, inakuja na kukata, jifunze kumpima mtu kwa urefu wa muda aliopanda: akiwa ametoka chini hadi juu, unafuata mkia wa themali iliyochoka, akiwa ndiyo kwanza ameanza, kimbia.

*Pointi.* Malango yakiwa mengi, hii ndiyo njia ya muda bora: ukivuka mwisho pamoja na aliyetoka dakika 20 kabla yako, umemzidi kwa dakika 20. Lakini hesabu ile ya GAP inakugeuka hali ikiharibika. Uliacha dakika 20 za jua. Kama wengi wametua njiani, hakuna anayekulipa kwa mwendo mzuri wa nusu njia.

*Mwili, akili na usalama.* Kusubiri juu ni baridi na kunachosha, na hapo ndipo kugombania kimo kunapotokea. Mbele ya safari ni tulivu zaidi, kwa kuwa kila wakati una mtu wa kumlenga. Hatari yake ni ya jioni: ukichelewa, themali za mwisho ni pana na dhaifu, na unashawishika kuongeza kasi badala ya kuipunguza.

*Inamfaa nani.* Mwenye macho makali, subira, na glaida inayoteleza vizuri kwa kasi. Hamfai anayepata wasiwasi akiona wenzake wanaondoka; atatoka katikati ya malango, na muda uliopotea hautamlipa chochote.

Mwendo ndani ya kila njia

Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa glaida za kukaa ndani mwaka 1956, alituachia kanuni ambayo bado iko ndani ya vario zetu: kasi ya kuteleza ifuate nguvu ya themali unayotarajia mbele. Neno zito hapo ni "unayotarajia". Wengi huweka nguvu ya themali waliyotoka, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye kioo. Hewa ikiwa inafifia, kioo kinakukimbiza kuelekea chini.

Mimi natumia alama mbili. Nikipata themali mbili mfululizo zisizofika nusu ya zile za mwanzo, nahesabu kwa wastani wa mzunguko mzima wala si kwa mlio wa sekunde moja, nimebadili gia: nateleza polepole na nachukua karibu kila kinachonyanyua. Na nikishuka chini ya nusu ya kimo cha mawingu, hamu ya kuchagua themali inapungua kwa kila mita 100. Juu, mita 1.5 kwa sekunde naiacha. Chini, mita 0.5 ni rafiki yangu wa dhati.

Kwa hali yako

*Anga inaharibika kuanzia mwisho wa njia, utando au radi zinakuja:* toka mapema, ongoza ukiweza, na tafuta mwenzi mmoja wa kwenda naye. Radi ikikaribia, hesabu za pointi zimeisha. Toa taarifa redioni kwamba hali si salama na utue mbali na mvua, maana upepo unaosukumwa na mvua hufika kabla ya mvua yenyewe.

*Hewa inakuja na kukata, lakini jua lipo kila mahali:* kundini, au nyuma yake kidogo. Ondoka themali inapofifia hata kama wengine hawajaondoka, mradi una kimo cha kufika kwenye ardhi yenye jua.

*Anga ya samawati, hakuna mawingu:* kundini, na uwe wewe wa kwanza kujitenga mita 200 pembeni mnapoteleza. Ukifanya hivyo mara mbili, wengine huiga.

*Siku ilianza dhaifu na inaimarika, malango ni mengi:* fukuza. Hapa kusubiri kunalipa kwa pande zote mbili, hewa na saa.

*Unaongoza jumla kabla ya siku ya mwisho:* mfuate mpinzani wako wa karibu kwenye lango lake, hata kama unaliona baya.

*Uko nyuma kwa pointi 200 na utabiri ni wa mashaka:* ongoza. Siku ambayo wengi watatua njiani ndiyo siku pekee unayoweza kuwapita wote kwa mpigo.

*Umebaki peke yako, saa kumi na moja jioni, kilomita 14 kutoka mwisho, mita 700:* hakuna njia kati ya hizo tatu inayohusika tena. Legeza tanga, zunguka katika mita 0.2 na uuache upepo ukusogeze ikiwa unakwenda upande wako. Tazama ndege, moshi, majani ya miti yanayogeuza upande mweupe. Chagua kiwanja cha kutua sasa, ukiwa bado na kimo, uelekeo wa upepo ukiujua, kisha rudi kwenye vario na uisikilize.